Shajara ya korongo: tulianzia juu, ziwa likaturudisha chini

Naandika hapa kazi ya korongo moja la upande wa Igogo, Mwanza, linaloanzia kwenye mawe ya mlimani na kuishia ziwani kwenye matete. Tuko wanne: mimi fundi sanifu wa maji, mpima, kijana wa mafunzo kwa vitendo, na mzee mmoja wa mtaa ambaye hana cheo chochote kwenye mradi ila bila yeye hakuna mlango unaofunguliwa. Waliotutuma wanataka mambo matatu kwenye mpango mmoja: mtaro wa maji ya mvua, njia ya majitaka ya kaya za mlimani, na "kuongeza eneo" ufukweni, yaani kujaza kipande cha ziwa ili pawe na mwalo mpana wa mitumbwi na maegesho. Nimeweka alama za kunukuu kwa makusudi. Tutafika huko.

3 Februari

Tumelitembea korongo lote, juu hadi majini. Kwenye picha ya setilaiti ni kimstari kifupi tu. Kwa miguu ni saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo unatafuta pa kukanyaga. Juu ni mawe matupu yaliyobebana. Katikati nyumba zimeng'ang'ania mwamba, na nyingine ukuta wake wa nyuma ndio jiwe lenyewe. Chini kuna tambarare fupi, barabara, kalvati mbili, halafu matete na maji.

Pale katikati kina mama wanagonga kokoto chini ya turubai. Mzee akamsalimu mmoja, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia bila kuacha nyundo, akatuangalia mimi na mpima na ile miguu mitatu ya mashine.

"Hawa ndio wa kubomoa au wa kupima?"

"Wa kupima, mama."

"Wa kupima ndio huwa wanatangulia."

Kijana wetu alicheka. Mimi sikucheka, maana mama hajakosea.

5 Februari

Hesabu ya mvua. Fomula ni ya zamani na haina makuu: eneo, mara ukali wa mvua, mara ile sehemu ya maji ambayo ardhi haiinywi. Eneo letu ni kama hekta 40. Mvua niliyochukua ni milimita 60 kwa saa, ile inayopiga bati mpaka watu wa chumba kimoja hawasikilizani. Mwamba haunywi maji, bati halinywi, na uwanja uliofagiliwa miaka ishirini mpaka ukawa kama sakafu nao haunywi. Nimeweka 0.75. Jibu ni mita za ujazo 5 kwa sekunde.

Kalvati zetu mbili ni za bomba la milimita 900. Zikiwa safi, kwa mwinamo uliopo, zinapitisha kama 2.5 zote mbili. Nazo si safi. Moja mchanga umefika nusu, nyingine ina godoro.

Kwa hiyo hata tukiliondoa godoro, nusu ya maji ya mvua kubwa itaivuka barabara kwa juu, kama ambavyo imekuwa ikifanya. Watu wanasema zamani haikuwa hivi, nami nawaamini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 706,000 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja; ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 1.1. Hao wote wana bati juu ya kichwa, na kila bati linaongeza ile 0.75 kidogo kidogo. Aliyeweka kalvati hizi huenda alipiga hesabu yake vizuri tu, kwa mlima aliouona yeye.

11 Februari

Siku mbaya. Tumeshusha levo, yaani vipimo vya kimo, kutoka kwenye msumari wa juu, alama yetu ya kuanzia, hadi ukingoni mwa ziwa, tukapandisha tena kwa njia nyingine ili kufunga mzunguko. Tofauti: sentimita 34.

Kwa asiye wa kazi hii, nieleze. Ukianzia kwenye msumari na kurudi kwenye msumari uleule, unatakiwa upate urefu uleule, ukikosea labda milimita kadhaa. Sentimita 34 ni aibu. Kule mlimani zisingemdhuru mtu, kwa sababu mwinamo ni mkali na maji yangeshuka tu. Lakini kutoka barabarani hadi ziwani ni mita 120, na mshuko wote wa kipande hicho ni sentimita 60. Sentimita 34 ni zaidi ya nusu yake.

12 Februari

Tumempata mchawi. Fimbo yetu ya kupimia ni ya kuvuta, kama antena ya redio ya zamani, na kitufe cha kipande cha pili kimelika. Kijana akiishika wima, kipande kinateleza chini polepole bila yeye kujua. Nimefunga kwa waya. Kosa ni langu: mimi ndiye niliyeikubali fimbo hiyo stoo bila kuivuta hadi mwisho. Tunarudia yote.

18 Februari

Mzunguko umefunga kwa milimita 9. Sasa naweza kuandika nilichokiona chini, ambacho kimebadilisha mpango mzima.

Mdomoni mwa korongo kuna jiwe kubwa kama gari dogo, nusu lipo majini. Mzee alitupeleka hapo bila kuombwa. Jiwe lina mistari. Wa juu ni mweupe mweupe, mpaka kati ya jiwe lililooshwa na jiwe lenye kutu ya jua. Akaweka kiganja: "Hapa ndipo lilipofika 2024, mwaka wa mafuriko. Na 2020 lilifika hapahapa, pungufu kidogo." Halafu akatembea kurudi nyuma, akashuka majini hadi magotini, akagusa kwa mguu kitu ambacho sisi hatukukiona. "Na hapa, 2006, palikuwa pakavu. Tulikuwa tunaanika nyavu."

Kumbukumbu za kipimo cha Jinja, ambako ziwa linamwagikia kwenda Nile, zinamuunga mkono. Mwishoni mwa 2006 ziwa lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme kule. Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo hicho, likaivuka kidogo rekodi ya 1964. Mei 2024 likaivuka na hiyo ya 2020. Kati ya chini kabisa na juu kabisa, ndani ya miaka ambayo kijana wetu wa mafunzo amekuwa hai, ni karibu mita 3.

Sisi tulikuwa tumechora mdomo wa mtaro kwa kufuata maji tuliyoyakuta siku ile ya kwanza. Yaani tulimkuta mtu amekaa, tukamshonea suruali bila kumwambia asimame.

Nimepima mstari wa juu wa jiwe. Uko sentimita 70 juu ya sakafu ya mdomo tuliouchora. Mshuko wetu wote kutoka barabarani ni 60. Ziwa likirudi pale lilipokuwa 2024, maji yake yatapanda ndani ya mtaro hadi barabarani kabla mvua haijanyesha hata tone. Na maji yanayokuja kwa kasi kutoka mlimani yakikutana na maji yaliyosimama, yanafanya jambo moja: yanatua mchanga. Mvua tatu hivi na mtaro utakuwa kitanda cha mchicha.

Ziwa hili linalishwa zaidi na mvua inayoanguka juu yake moja kwa moja. Mito huleta sehemu ndogo. Na lina kilomita za mraba karibu 68,800. Hakuna mtaro wa Mwanza utakaolishusha hata nywele. Hapa ziwa ndilo mwenye nyumba.

19 Februari

Nimefuta ramani. Tunaanzia mdomoni na kupanda.

Mdomo mpya umeinuliwa, sakafu yake iko juu kidogo ya mstari wa 2024. Ili kupata mwinamo, barabara lazima ipandishwe pale kwenye kalvati, na kalvati zenyewe ziwe sanduku la zege badala ya mabomba. Gharama imepanda, najua. Nimeandika pia toleo la bei nafuu, ambalo linaacha barabara kama ilivyo na kukubali kwamba miaka ya ziwa kujaa itafurika. Waliotutuma wachague wakiwa macho.

Mtaro wa chini utakuwa wa mawe yaliyosakafiwa, upana mita 2, kina mita 1.2. Mawe tunayo, Mwanza ukikosa mawe umekosa macho.

26 Februari

Vyoo. Tumepita kaya kwa kaya na mzee mbele. Ningekuwa peke yangu wangenionesha mlango wa mbele tu.

Mlimani huwezi kuchimba. Ukishuka sentimita 70, hata 50, nyundo inaanza kuimba. Choo cha shimo kinachostahili kuwa na mita tatu kina mita moja tu, na sehemu yake imejengwa juu ya ardhi kwa tofali, kama jukwaa. Kikijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda, njia zenyewe ni ngazi za mawe. Kwa hiyo watu wamejitegemea: bomba la inchi nne ukutani, mdomo wake umeangalia korongo, na mdomoni kizibo cha tambara.

Tuliweka rangi ya kijani ya unga kwenye vyoo sita vya kumwaga kwa ruhusa ya wenyewe, tukakaa chini na saa mkononi. Choo cha kwanza kilitokea korongoni baada ya dakika nne. Cha tatu hakikutokea kabisa siku hiyo. Kesho yake asubuhi kijana akamuona mtoto anachota maji ya kufulia kwenye chemchemi ndogo kati ya mawe mawili, na maji yana ukijani. Mita sitini kutoka choo. Mwamba wa hapa una nyufa, na ufa hauna habari na kilichopita ndani yake.

Tumemwambia mama wa mtoto. Alikuwa anajua harufu, rangi hakuwahi kuiona.

4 Machi

Mpima anaumwa. Hakuna kilichofanyika.

9 Machi

Mvua kubwa ya kwanza ya masika, saa 8 usiku. Nilikuwa nimelala kwa mzee makusudi, kwa sababu alisema, "Ukitaka kulijua korongo, lala hapa siku likisema."

Mvua ilipokolea, kabla hata maji hayajaanza kunguruma, nikaanza kusikia milango. Mmoja, halafu wa pili, halafu kule ng'ambo. Tochi za simu zikashuka kwenye ngazi, zikainama, zikarudi ndani. Watu wanatoa vizibo. Kutapisha choo kuna wakati wake, na wakati wake ndio huu: mvua inabeba, giza linaficha, na asubuhi korongo ni safi kuliko jana. Mzee hakusema kitu. Na yeye ana bomba.

Nilishuka hadi barabarani na mwavuli usiosaidia. Maji yaliivuka barabara kwa upana wa kama mita kumi na tano, yakaenda ziwani na kila kitu. Ng'ambo ya rasi ile ni Capri Point, ambako jiji linachota maji yake ya kunywa. Sasa kuna na chanzo cha Butimba. Vyote viwili vinanyonya ziwa hilihili. Maji hayo yanasafishwa na kutiwa dawa kabla hayajafika bombani, lakini kila kinachoongezwa ziwani kinaongezwa pia kwenye kazi ya kuyasafisha: mbolea ya choo inalisha mwani, mwani unaziba machujio.

Si sisi wa kwanza. Chicago ni jiji la ufukweni mwa ziwa la maji baridi kama letu, nao walikunywa walipomwaga. Miaka ya 1850 waliinua barabara na majumba yao kutoka kwenye matope ili mabomba ya majitaka yapate mwinamo, wakamwaga mtoni, mto ukapeleka ziwani. 1867 wakafungua handaki la kuchota maji maili mbili ndani ya ziwa, kuyakimbia. Hatimaye 1900 wakaugeuza mto wenyewe utiririke kinyume, uchafu uende kwa watu wengine. Sisi hatuna pa kugeuzia. Ziwa letu ni la nchi tatu na linamwagikia Nile.

13 Machi

Njia ya majitaka. Mfumo wa kawaida, wa mabomba makubwa na chemba za kina kirefu katikati ya barabara, hapa hauwezekani, ungehitaji baruti. Ule rahisi, ulioanzia Natal kule Brazili miaka ya 1980, unawezekana, na Mwanza tayari unajulikana, umeshajengwa kwenye baadhi ya milima yetu. Bomba jembamba, linapita uani na vichochoroni ambako hakuna gari la kulikanyaga, kwa hiyo linaweza kulala kwa kina cha sentimita 40 tu. Badala ya kila nyumba kuwa na njia yake hadi barabarani, nyumba kumi zinashirikiana moja, na vichemba vidogo kila kona.

Ugumu wake si wa bomba. Ni kwamba nyumba ya juu ikitupa tambara chooni, nyumba ya chini ndiyo inafurika. Lazima watu wa mstari mmoja waelewane nani anashika ufunguo wa chemba na nani anazibua. Mzee amesema hilo aachiwe yeye. Nimemwachia.

Kaya ni 300 hivi. Nikichukua watu watano kwa kaya, lita 60 kwa mtu kwa siku, na asilimia 80 irudi kama majitaka, ni mita za ujazo 72 kwa siku. Yaende wapi?

Nilianza na wazo la mabwawa yetu wenyewe chini kule. Likafa kabla ya chai. Mtu mmoja huleta kama gramu 40 kwa siku za ule uchafu unaokula hewa ya maji. Watu 1,500 ni kilo 60. Kwa joto la Mwanza, bwawa la wazi la kina cha mita moja na nusu linaweza kubeba kilo 300 hivi kwa hekta kwa siku. Hiyo ni mita za mraba 2,000 za bwawa la kwanza, na karibu eneo lilelile tena kwa mabwawa ya kumalizia, na tuta kuzunguka, na njia ya gari. Nusu hekta. Tambarare yetu yote pale chini haifiki hapo, na iko ndani ya zile mita 60 za ukingo wa ziwa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezifunga kwa shughuli kama hii. Na majitaka yakitoka bwawani lazima yawe chini ya miligramu 30 za uchafu huo kwa lita, ndipo yaruhusiwe kuingia kwenye maji ya asili.

Kwa hiyo yatakwenda kwenye mabwawa ya majitaka ya jiji kule Butuja, pamoja na ya wenzetu, kupitia bomba kuu la barabarani na pampu. Pampu ina adui mmoja, na kila mtu anayesoma hapa anamjua: umeme ukikatika. Vituo vingi vya namna hii vina bomba la dharura linalomwaga ziwani pampu ikisimama. Sisi tumechora tangi la kungojea badala ya bomba hilo. Saa sita za majitaka kwa wastani ni mita za ujazo 18. Asubuhi watu wote wanaamka pamoja, kwa hiyo nimezidisha mara mbili, 36. Ni tangi la mita 4 kwa 3 kwa 3. Aliyepitia mchoro wetu aliandika pembeni "je, ni lazima?" Nikaandika chini yake, "Ndiyo," nikapiga mstari.

20 Machi

Ufukwe. Nimekuwa nikiukwepa.

Jirani mmoja wa ufukweni ameanza kujaza kwa mwendo wake mwenyewe. Malori matatu jana, mawili leo: tofali zilizovunjika, udongo, vigae, nusu ya sinki. Anamwaga juu ya matete na kusawazisha kwa sururu. Nilimuuliza kwa upole anatarajia kujenga nini. "Kwanza nipate ardhi, fundi. Ya kujenga itakuja."

Sina ugomvi naye mimi, ugomvi wake uko na matope. Kijana alichomeka nondo ya mita 2 pale pembeni ya kifusi, ikazama yote kwa mkono mmoja, akabaki ameshika hewa. Kifusi kikikaa juu ya tope la namna hiyo hakikai; kinazama polepole na kusukuma tope pembeni, na tope lililosukumwa linatokeza mbele kama unga wa ugali ukibonyezwa. Mbele, kwa bahati mbaya, ni mdomo wa mtaro wetu. Nimeweka vijiti viwili. Ndani ya siku tano kimoja kimeinama na mdomo umepungua kwa shubiri.

Kujaza ziwa kunafanyika duniani kwa njia inayojulikana. Unaanza na ukuta wa mawe mbele, majini, ukikaa juu ya ardhi ngumu baada ya kuliondoa tope. Nyuma yake unatandika kitambaa cha kuzuia udongo usitoroke, halafu unajaza moramu tabaka kwa tabaka, sentimita 30, unashindilia, tabaka jingine. Kisha unaacha likae. Na urefu wake wa juu unaupima kwa mstari wa jiwe la mzee, uongeze na mawimbi, kwa sababu upepo wa ziwa hapa ukikasirika unajua kupanda. Ukifanya hesabu hiyo kwa eneo walilotaka waliotutuma, ukuta wa mbele peke yake unakula fedha ya mtaro wote wa juu. Na kabla ya yote ni tathmini ya athari kwa mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kwa upande wa maji.

Halafu kuna matete yenyewe. Dume la sato huchimba kiota chake kwenye maji mafupi kama haya, duara kama sinia. Mzee alituonesha viwili siku maji yalipotulia. Na maji ya korongo yakipita taratibu kwenye matete yanaacha mchanga na sehemu ya uchafu. Tunataka kulifukia chujio la bure ili tupate pa kuegesha pikipiki.

Pendekezo letu: tusijaze ziwa. Turudishe ardhi iliyopotea nyuma ya matete, kile kipande cha takataka kati ya barabara na ufukwe ambacho kila mtu anakiona kinamasi lakini chini yake ni mchanga mgumu. Tukitoa takataka na kupandisha kwa moramu hadi juu ya mstari wa 2024, wanapata karibu nusu ya eneo walilolitaka. Mwalo uwe mteremko wa mawe ulioingia majini, mitumbwi iupande ziwa likiwa popote pale.

27 Machi

Kikao. Kirefu. Waliotutuma hawakufurahia nusu. Mmoja akasema Dar wanajaza, Mombasa wamejaza. Nikamwambia bahari hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba inayochapishwa kabla ya mwaka kuanza, ziwa letu hupanda likitaka na kukaa miaka. Akanyamaza, ila sidhani kama alikubali. Mtaro umepita. Majitaka yamepita, pamoja na tangi. Ufukwe "utaangaliwa tena".

Mwenye kifusi ametakiwa kusimamisha. Leo hakukuwa na lori.

8 Aprili

Tumeanza kipande cha majaribio, mita 40, pale chini ya kina mama wa kokoto, pamoja na mtego wa mchanga: shimo la zege ambalo maji yanaingia kwa kasi na kutoka taratibu, mchanga ukabaki. Tatizo la mitego ya mchanga ni kwamba haisafishwi. Inajengwa, inajaa mwaka wa kwanza, inaota nyasi mwaka wa pili.

Nilikuwa nimeichora juu, karibu na chanzo cha mchanga. Yule mama wa siku ya kwanza akasimama juu yangu.

"Fundi, huu mchanga nani atautoa?"

Nikaanza kumweleza habari za kamati ya mtaa na bajeti ya matengenezo.

"Mchanga unauzwa," akasema. "Leta shimo lako hapa chini mkokoteni unapofika. Hutaona hata kijiko kimebaki."

Nimehamisha mtego mita 25 kuteremka, nikauwekea njia ya mkokoteni yenye mteremko mdogo kuingia ndani. Naongeza hapa, siku nane baadaye: mvua ilileta kama tripu mbili za mkokoteni. Zilikuwa zimekwisha kabla ya saa 3 asubuhi, na vijana wawili walikuwa wanabishana zamu ni ya nani. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijawahi kuchora kitu kilichotunzwa haraka hivyo.

22 Aprili

Mvua ya usiku, nzito. Kipande cha majaribio kimesimama. Sehemu moja maji yamechimba chini ya ukuta pale tulipoungana na korongo la zamani. Nilijua ukuta ulihitaji jino refu zaidi la kuingia ardhini, nikabania saruji. Tutabomoa mita mbili na kurudia.

Vizibo bado vinatolewa. Nimesikia milango ileile. Mabomba ya majitaka hayajafika, hakuna sababu waache. Bomba la mzee ameliziba kwa zege mwenyewe, akasema amechoka kuona aibu mbele ya kijana wetu. Sasa anaazima choo cha binti yake, ngazi thelathini juu.

Mchana tulishuka kwenye jiwe na kopo la rangi nyeupe ya mafuta. Ziwa limepanda vidole vinne tangu Februari, na kilele chake cha mwaka kwa kawaida ni Mei au Juni. Mzee alipaka mwenyewe, mstari mmoja wa 2024 na mwingine chini yake wa 2020, na wa tatu wa leo. Kisha akalizunguka jiwe akatafuta pa kuandika 2006, akakumbuka kwamba hapo pako chini ya maji. Amesema tumwachie kopo.